Lubumbashi–Johannesburg: saa 2 na nusu angani, siku 10 za kujitayarisha

Ndugu mfanyakazi, pengine siku moja utatumwa Johannesburg, kwa mafunzo ao kwa matibabu. Bibi na watoto watakuuliza: ni mbali namna gani?

Kutoka uwanja wa ndege wa Luano, hapa Lubumbashi, mpaka uwanja wa O.R. Tambo, ni karibu kilometa 1,620 kwa njia ya anga. Ndege isiyotua njiani huchukua kama saa 2 na nusu. Kwa barabara, kupitia Kasumbalesa, Zambia na Zimbabwe, ni zaidi ya kilometa 2,000. Na kwa kuwa ndege huelekea karibu sawasawa upande wa kusini, saa ya kule ni ile ile ya huku.

Wengine husema: «Saa 2 na nusu! Haifiki hata nusu ya zamu!» Ndipo wanapojisahau. Safari ni fupi, lakini mambo mawili hayangoji siku ya mwisho.

La kwanza: karti ya manjano. Afrika ya Kusini inadai karti ya chanjo ya homa ya manjano kwa kila mtu atokaye Kongo. Asiye nayo anaweza kurudishwa. Tena, karti huanza kufaa siku 10 baada ya sindano. Ukichanjwa leo na kupanda ndege kesho, karti yako haifai bado. Uzuri wake ni kwamba tangu Julai 2016, chanjo moja inatosha kwa maisha yote. Itunze pamoja na pasaporti.

La pili: neno la munganga. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani yake ni nyepesi, kama hewa ya mlima unaoweza kufikia urefu wa metre 2,400. Hewa iliyofungwa mahali hupanuka; ndiyo maana pakiti ya biskuti huvimba. Mwenye afya husikia masikio kuziba tu, kama washukao machimbo ya chini ya ardhi. Ameze mate, itapita. Lakini mwonye munganga mapema kama:

– umeumia kifuani, ao hewa imeingia kando ya pafu;
– umepasuliwa siku za karibuni;
– mguu ao mkono umefungwa plasta ngumu juzi ao jana, maana kiungo huweza kuvimba ndani yake;
– una upungufu wa damu, ao ugonjwa wa seli mundu;
– una ugonjwa wa moyo, ao unapumua kwa shida.

Munganga pekee ndiye atakayesema: nenda, ao ngoja. Kumficha ili usikose safari ni sawa na kuingia shimoni bila kofia.

Siku yenyewe, weka dawa zako katika mfuko wa mkononi, si katika valizi inayokwenda chini ya ndege. Kunywa maji. Nyosha miguu. Na wewe unayechagua barabara, usifikiri umeokoka: kukaa saa 4 ao zaidi bila kusimama kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni, hata ndani ya basi. Shuka kila gari linaposimama, utembee kidogo.

Ndugu, tikiti inahesabu saa za ndege. Wewe hesabu siku zako kabla ya tikiti. Safari njema, na urudi mzima!