Figo: Yasemwayo na Watu, na Yaliyo Kweli

Mtu akishikwa na maumivu ya kiuno, jirani zake hawakawii kumwambia kwamba figo zake zimeharibika. Basi hununua dawa za kutuliza maumivu dukani, akazimeza mwezi baada ya mwezi. Jambo hili lasikitisha, kwa kuwa maumivu ya namna ile mara nyingi hutoka katika misuli au uti wa mgongo. Lakini baadhi ya dawa hizo, kama vile diklofenaki na ibuprofeni, zikitumiwa muda mrefu bila shauri la daktari, zaweza kuzidhuru figo ambazo hapo kwanza zilikuwa nzima.

Figo huugua kimya. Mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo zake, naye akaendelea kulima, kupanda baiskeli na kula chakula chake kama desturi. Uvimbe wa miguu, kichefuchefu na uchovu mara nyingi huja mwisho. Figo mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi, huchuja maji ya damu yapatayo lita 180 kila siku, kisha huyarudisha karibu yote mwilini, zikatoa lita moja au mbili tu za mkojo. Tena huusaidia mwili kutengeneza damu, na ndiyo sababu mgonjwa wa figo hupungukiwa na damu hata akila vizuri.

Wengine husema ati bia husafisha figo. Kwenda haja mara nyingi si kusafishwa! Maji nayo ni mema kwa mwenye afya, bali yule ambaye figo zake zimeshindwa na kazi, maji mengi humvimbisha mwili na kumjaa mapafuni. Ndiyo maana daktari humpimia. Ama kuhusu miti shamba, haifai kudhani kwamba kitu hakina sumu kwa kuwa kimeota porini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels, wanawake wengi waliotumia dawa za majani ya Kichina ili wapunguze unene waliharibikiwa na figo. Ndani ya dawa hizo mlikuwa na mmea uitwao aristolokia.

Lakini neno baya kuliko hayo yote ni lile lisemalo kwamba mashine ya kusafisha damu huua. Asemaye hivyo ameona kwa macho yake: jamaa alipelekwa hospitali, akaunganishwa na mashine, akafa. Hasemi kwamba jamaa huyo alikwisha kuzungushwa kwa waganga miezi mingi, akafikishwa hospitali hana fahamu.

Mashine ya kwanza iliyofaa ilitengenezwa na daktari Willem Kolff katika mji wa Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, nchi yake ikiwa imetekwa na Wajerumani. Alitumia mirija ya selofani ya kutilia soseji, akaizungushia pipa. Karibu wagonjwa wake wote wa kwanza walikufa. Hata hivyo, mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 alizinduka, na figo zake zikairudia kazi yao. Ndivyo ilivyo hata leo kwa wengi ambao figo zao zimesimama ghafula kwa malaria kali, kuhara au kupoteza damu wakati wa kuzaa: huitumia mashine kwa muda, kisha huiacha. Aliyeharibiwa figo polepole na kisukari au shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, ataihitaji daima, kwa kawaida mara tatu kwa juma, kila mara muda wa saa nne, isipokuwa apate figo ya mtu mwingine. Ni mzigo mzito, nasi hatusemi kwamba ni mwepesi. Katika Kenya bima ya Serikali hulipia matibabu hayo, kwanza NHIF, na tangu Oktoba 2024 SHA. Lakini nauli na siku za kazi zipoteazo ni juu ya mgonjwa.

Hapo ndipo jamaa hugawanyika. Ndugu yu tayari kutoa figo, wazee wamkataza, wakisema atakuwa nusu ya mtu, hatazaa wala hatainua jembe. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, daktari Joseph Murray na wenzake walimtolea Ronald Herrick figo moja wakampa pacha wake, Richard. Richard aliishi miaka minane zaidi, akaoa na kupata watoto. Ronald, aliyebaki na figo moja, alifundisha shule na kulima, akafariki mwaka 2010, baada ya miaka 56. Bila shaka si kila mtu afaaye kutoa. Hupimwa kwanza kwa uangalifu. Tena figo hutolewa, haiuzwi: Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yaikataza biashara hiyo.

Mwenye kisukari au presha na apimwe figo kila mwaka. Vipimo ni viwili: damu kidogo, ipimwe kreatinini, na mkojo, utazamwe kama una protini. Mtu halazwi kwa ajili hiyo. Mkojo hutiwa katika kichupa safi tu.