Redio Inayosikia Lakini Haisikiki

Usiku mmoja wa mwanzo wa kusi, mashine ya mashua ya kaka yangu ilizimika nje ya mwamba, kiasi cha kilomita 9 kutoka pwani. Walikuwa watu wanne chomboni. Kaka alitoa redio yake ya mkononi, akaiwasha, ikawaka. Akawasikia watu wa ufukweni wakizungumza waziwazi: huyu anauliza habari za barafu, yule anaitwa akasaidie kuvuta chombo. Akabonyeza kitufe cha kuzungumzia, taa nyekundu ikawaka kama kawaida yake, akaita. Hakujibiwa. Akaita mpaka sauti ikamkauka, na wale wa ufukweni wakaendelea na mazungumzo yao kana kwamba baharini hamna mtu. Kwa rehema za Mola, alfajiri chombo kilichokuwa kikirudi kutoka uvuvini kiliwaona, kikawafunga kamba na kuwakokota hadi nyumbani.

Walirudi salama, alhamdulillahi, lakini hawakurudi na amani. Wifi yangu aliyakinisha moyoni kwamba mzee aliyekabidhiwa redio ya ufukweni aliwasikia akapuuza. Maneno yakatoka. Mke wa mzee huyo, ambaye ni rafiki ya wifi tangu utotoni, akaacha kupita barazani kwetu. Kwa muda wa wiki tatu nyumba mbili zinazotazamana hazikupeana hata salamu.

"Wifi, redio hiyo ingepelekwa kwanza ikapimwa," nilimwambia siku moja.

"Ipimwe nini, nawe? Si waliwasikia watu wote usiku kucha!"

Neno hilo ndilo lililotupeleka mjini kwa fundi, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kwani wengi wetu, wenye waume, ndugu na watoto baharini, tunaamini kwamba redio inayosikia ni redio nzima. Sivyo.

Sikio mbali, mdomo mbali

"Bi mkubwa," fundi alimwambia wifi, "redio ina sikio na ina mdomo. Sikio likiwa zima halikupi habari za mdomo."

Akatueleza. Redio ya ufukweni huwa na nguvu ya hadi wati 25, na antena yake imefungwa juu ya mlingoti. Redio ya mkononi ina wati 5 au 6 tu, nayo imeshikwa na mtu aliyeketi chomboni. Kwa hiyo sauti ya pwani hufika baharini kwa urahisi hata kama redio ya mkononi imedhoofika, lakini sauti ya baharini haina akiba ya kupoteza njiani. Tena mawimbi ya redio hizi husafiri karibu na mstari ulionyooka, hayapindi sana kuufuata mviringo wa dunia. Redio mbili zilizo mita 2 juu ya maji huweza kupatana katika takriban kilomita 11. Moja ikiwa na antena iliyo mita 10 juu, masafa hayo huzidi kufikia kilomita 18 hivi. Kaka alikuwa kilomita 9 tu. Redio yake ingekuwa nzima, sauti yake ingefika.

Na ile taa nyekundu? Fundi alisema kuwa taa huonyesha tu kwamba redio imeamrishwa iseme. Haionyeshi imesema kwa nguvu gani, wala kama imesema mahali panapotakiwa.

Mezani kwa fundi

Hakuanza kwa bisibisi. Alianza kwa macho: akatazama kifuniko, mpira unaozuia maji, shina la antena na vyuma vya betri. Kisha akaipima betri. Ilipokuwa imetulia ilionyesha volti 8, na mtu angeisifu. Akaweka redio kwenye hali ya kuzungumza, na papo hapo volti zikaporomoka chini ya 6. Kusikiliza hutumia umeme kidogo sana, ndiyo maana redio ilisikia usiku kucha. Lakini kusema kwa wati 5 hutaka zaidi ya ampea 1, na betri iliyochakaa haiwezi kuutoa umeme huo.

Baadaye akaitoa antena na kuiunganisha redio na mtambo wa kupimia, wenye kipinga umeme cha ohmu 50 kinachomeza nguvu yote isitoke hewani. Kuijaribu redio bila antena wala kipinga hicho huweza kuunguza sehemu inayosukuma sauti. Kwa betri ile ya zamani, redio ilitoa chini ya wati 1.

Likabaki la masafa. Chaneli 16, inayotumika duniani kote kwa wito wa dharura baharini, iko kwenye megahezi 156.8. Redio nzuri haitakiwi kupotoka hapo kwa zaidi ya kilohezi 1.5 hivi. Ya kaka ilikuwa imepotoka kwa kilohezi 2 na zaidi. Fundi akatuonyesha skrubu ndogo ndani, iliyokwaruzwa. "Huyu amepita mtu hapa," alisema. Kaka akakumbuka: mwaka uliopita sauti ilipofifia, kijana mmoja wa mtaani aliifungua na kuizungusha skrubu ile kwa bisibisi ya chuma, huku akitega sikio.

Kosa la tatu lilikuwa katika sauti yenyewe. Sauti ya mtu huyatikisa masafa huku na huku, na katika chaneli za baharini mtikisiko huo haufai kuzidi kilohezi 5 kila upande. Ukizidi, maneno hukwaruza na kuwaudhi walio kwenye chaneli za jirani; ukipungua mno, msemaji husikika kama anayenong'ona nyuma ya ukuta. Wa redio hii ulikuwa umepungua karibu nusu.

Pengine kosa moja peke yake lingevumilika. Yote matatu kwa pamoja yaliinyamazisha redio, na mwenyewe akadhani anasema.

Tengeneza kwanza, sawazisha mwisho

Hapa fundi alitupa somo ambalo naona linafaa hata nje ya ufundi wake. Kuisawazisha redio hakuponyi ugonjwa. Aliye na betri mbovu au antena iliyoliwa na chumvi, kisha akaizungusha skrubu ili apate nguvu zaidi, ameuficha ubovu na kuongeza wa pili. Kwa hiyo alibadilisha betri kwanza, akasafisha shina la antena, akaweka mpira mpya. Ndipo akaanza kusawazisha, na kwa utaratibu.

Aliiacha redio ipate joto lake la kawaida, kisha akaanza na masafa, kwa sababu ndani ya redio mna fuwele moja inayoongoza chaneli zote. Ikipotoka hiyo, zote zimepotoka. Alitumia bisibisi ya plastiki, kwani chuma kikikaribia huyabadilisha masafa yenyewe, na kikiondolewa hurudi kombo. Redio nyingi za siku hizi hazina skrubu hizo: husawazishwa kwa kompyuta na programu ya mtengenezaji, na fundi mwangalifu huhifadhi vipimo vya awali kabla hajagusa kitu. Kisha akapanga nguvu, wati 1 kwa karibu na wati 5 kwa mbali. Kisha mtikisiko wa sauti. Mwisho akalipima sikio: akaipa redio ishara dhaifu mno, kama robo ya sehemu moja ya milioni ya volti, akasikiliza kama maneno bado yanafahamika. Akamalizia na kile kidhibiti kinachonyamazisha mchakacho, akakiweka pale ambapo redio hunyamaza pasipo na mtu, lakini hufunguka mara inapofikiwa na sauti hafifu. Kikikazwa mno, mtu huketi katika kimya kizuri huku anaitwa.

Yaliyo mikononi mwetu

Kazi hiyo ya ndani tuwaachie wenye vipimo na idhini. Matumizi ya masafa nchini husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Lakini redio ikirudi kutoka baharini hukaa wapi? Hukaa nyumbani, nasi ndio tunaoichaji. Yapo basi yaliyo mikononi mwetu.

Kabla ya kuichaji, na vifuniko vyake vikiwa vimefungwa barabara, isuuzwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ifutwe, ikauke kivulini. Chumvi iliyoachwa juu yake huvuta unyevu na kula chuma siku zote. Vyuma vya betri vifutwe kwa kitambaa kikavu. Isibebwe kwa kushikwa antena. Betri isiyokaa na chaji kama ilivyokuwa zamani imezeeka, hata kama taa ya chaja inasema imejaa. Na maji ya bahari yakiingia ndani, betri itolewe mara moja na redio ipelekwe kwa fundi siku hiyohiyo. Kuizika ndani ya mchele hakuondoi chumvi.

La kuwausia wanaume wetu ni moja. Redio ijaribiwe kila safari, na isijaribiwe ufukweni, ambapo hata iliyo mgonjwa husikika. Chombo kikifika kwenye mlango wa mwamba, wakati kurudi bado ni rahisi, nahodha aite pwani kwa chaneli ya kazi, si 16, aulize anasikika vipi. Asipojibiwa, arudi. Na mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu, redio ipimwe mezani kwa fundi. Siku ya dharura yenyewe, aite kwenye chaneli 16, aseme "Mayday" mara tatu, ataje jina la chombo, mahali kilipo, kilichowapata na idadi ya watu.

Wifi hakusema neno njia nzima tuliporudi. Jioni ile alikaanga mahamri, akayafunika kwa kawa, akavuka njia. Sikumfuata, lakini kutoka barazani nilimsikia akibisha hodi, na mlango ukachukua muda kidogo kufunguliwa.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Mume wangu aliita kweli. Na mumeo kweli hakusikia."

Wiki iliyofuata, redio ya ufukweni nayo ilipelekwa ikapimwa. Mzee mwenyewe ndiye aliyeitaka ipelekwe.