Neno "Shule" na Mipaka ya Maana Yake

Shule ni miongoni mwa maneno machache ya Kijerumani yaliyosalia katika Kiswahili cha Tanzania Bara baada ya utawala wa Wajerumani kukoma wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Limetoholewa kutokana na neno Schule, ambalo asili yake ni Kilatini, na kabla ya hapo Kiyunani. Zanzibar, iliyokuwa chini ya Waingereza, husemwa skuli.

Katika wilaya za Kibondo na Kasulu neno hili lina ndugu wa karibu. Wenyeji husema Kiha, lugha iliyo jamaa ya Kirundi, na wilaya hizo zimepokea wakimbizi wengi kutoka Burundi na Kongo. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996. Mrundi husema ishule au ishure, maana Burundi nayo ilitawaliwa na Wajerumani. Mkongo wa mashariki, ambaye nchi yake ilitawaliwa na Wabelgiji, aghalabu husema masomo. Basi mtoto wa Kikongo akisema "ninaenda ku masomo", mwalimu aelewe kuwa anataja mahali, wala si vipindi.

Hata hivyo, Kiswahili kilipokopa neno hili hakikukopa maana zake zote. Hapo ndipo mfasiri wa Kijerumani hujikwaa. Tutazame mifano mitatu.

Kwanza, Hochschule. Kwa sehemu zake neno hili ni "shule ya juu", lakini maana yake ni taasisi ya elimu ya juu, vikiwamo vyuo vikuu. Mfasiri wa cheti akiandika "shule ya juu", karani wa ajira aweza kudhani ni sekondari, na mwenye shahada akapangiwa daraja lisilo lake. Neno linalofaa ni chuo. Sisi wenyewe hatusemi "Shule ya Ualimu Kasulu", bali Chuo cha Ualimu Kasulu.

Pili, Baumschule. Hii si shule ya miti wala shule ya misitu, bali ni kitalu cha miche. Bwana misitu akipelekewa mwongozo unaotaja "shule ya miti", atatafuta walimu badala ya miche.

Tatu, msemo Schule machen. Jambo likisemwa hivyo, maana yake ni kwamba limeigwa na wengine na kuenea. Hakuna shule iliyojengwa.

Kwa hiyo, mfasiri asiridhike kwa kuwa neno la kigeni lina sauti aijuayo. Hana budi kujiuliza kwanza: kitu hiki ni nini, na huingiwa na nani? Akipata jibu, ndipo achague kati ya shule, chuo na kitalu. Undugu wa maneno ni historia. Maana yake hupimwa kwa matumizi.