Babu Aliyevuka Kagera: Jinsi ya Kuwatafuta Ndugu Waliohamia Uganda

Koo nyingi za Karagwe na Kyerwa, Tanzania, zina mtu anayetajwa kwa maneno machache tu: alikwenda Buganda, hakurudi. Kuna waliovuka mto Kagera pale Murongo, wakatokea Kikagati na kushika njia ya Mbarara. Wengine walishuka hadi Kyaka, wakapita Mutukula na kufika Masaka. Kuanzia miaka ya 1920 wakulima wa Buganda walihitaji vibarua wa pamba na kahawa, na mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira nayo yalihitaji watu. Njia hizo zilipitisha pia maelfu kutoka Ruanda-Urundi, waliokimbia kazi za shuruti za Wabelgiji na njaa, hasa ile ya 1943 na 1944. Mawasiliano na nyumbani yalipungua kadiri miaka ilivyopita. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na familia nyingi zikapotezana kabisa.

Wajukuu wanaotaka kuwatafuta watu hao huanza na jina. Mimi nawashauri jina walitafute mwisho.

Mhamiaji aliyetaka kutulia Buganda alikuwa na kila sababu ya kubadili jina. Audrey Richards, mwanaanthropolojia aliyehariri kitabu kuhusu wahamiaji wa Buganda kilichotoka mwaka 1954, alionyesha jinsi wageni hao walivyojifunza Kiganda, wakachukua majina ya Kiganda na hata kujiunga na koo za wenyeji. Majina mengi ya Kiganda ni mali ya ukoo, kwa hiyo aliyepata jina alipata na watu wa kumwita ndugu. Mtoto wake alizaliwa Mganda, na mjukuu huenda hajui kabisa kwamba kuna kijiji kule ng'ambo kinachomhusu.

Kilichokuwa kigumu kubadilika ni mwiko. Mtu aliyekatazwa tangu utotoni kula mnyama fulani hakuanza kumla kwa sababu amevuka mto. Abahinda, ukoo wa watawala wa Karagwe, mwiko wao ni tumbili. Buganda nako kuna ukoo wa Nkima, yaani tumbili. Mgeni aliyekuta ukoo wenye mwiko kama wake alikuwa na mlango wa kuingilia. Kwa hiyo kabla ya kupanda basi, kaa na wazee uandike mambo matatu: oruganda (ukoo), omuziro (mwiko) na kijiji hasa alikotoka. Waulize pia shangazi na bibi, maana ndio wanaojua nani alioa wapi. Katika uzoefu wangu, mambo hayo matatu yamewakutanisha ndugu wengi kuliko jina lolote.

Kijiji nacho kina mitego yake. Isingiro ipo Kyerwa na Isingiro nyingine ni wilaya nzima ya Uganda, ng'ambo tu ya mto. Wilaya ya Kyerwa yenyewe ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kwa hiyo hutaikuta kama wilaya kwenye karatasi za zamani. Katika nyaraka za Waingereza, Karagwe yote ilikuwa sehemu ya wilaya ya Bukoba. Ukisoma mahali kwamba mtu ni wa Bukoba, usidhani ni Mhaya wa mwambao wa Ziwa Victoria. Huenda ni Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe, wa kule Kaisho.

Baada ya wazee, nenda kanisani. Kwa familia za Kikatoliki hakuna hazina kubwa kuliko madaftari ya ubatizo yaliyoanzishwa na Mapadre Weupe, upande huu katika parokia kongwe kama Kashozi, iliyoanza mwaka 1892, na upande wa pili Villa Maria karibu na Masaka, iliyoanza mwaka huohuo. Mstari mmoja wa daftari hilo unabeba mengi: namba, tarehe, jina la ubatizo kwa Kilatini (Yosefu utamkuta kama Josephus, Yohana kama Joannes), majina ya wazazi, jina la msimamizi na la padre. Msimamizi usimpite haraka. Mgeni asiye na ndugu mara nyingi alisimamiwa na mtu wa kwao aliyemtangulia, na huyo anaweza kuwa ndiye ambaye ukoo wake unajulikana.

Tazama pia pambizo la ukurasa. Tangu mwaka 1908 sheria ya Kanisa inamtaka paroko anayefungisha ndoa apeleke taarifa kwenye parokia alikobatizwa kila mmoja wa wanandoa, nayo iandikwe pembeni mwa ubatizo wake. Kijana aliyebatizwa Kashozi akaoa Masaka anaweza kuwa ameacha alama yake Kashozi, kwa mwandiko wa padre mwingine, miaka mingi baada ya kuondoka. Nimeona watu wakipekua daftari zima wakitafuta jina, wakafunga bila kusoma pambizo hata moja. Inasikitisha, kwa sababu jibu huwa pale.

Jambo jingine wasilolijua wengi: Mapadre Weupe walidai mafundisho ya miaka minne kabla ya kumbatiza mtu mzima, isipokuwa aliyekaribia kufa. Ukikuta babu alibatizwa Villa Maria mwaka 1932 akiwa mtu mzima, basi huenda alikuwa ameanza mafundisho tangu 1928 hivi, na kuondoka kwake nyumbani kutafute kabla ya hapo. Kuhusu parokia za Karagwe na Kyerwa, jimbo la Kayanga liliundwa mwaka 2008 kutoka Rulenge, hivyo uliza kumbukumbu katika majimbo yote mawili. Walutheri waulizie madaftari ya sharika zao.

Waislamu, na wale ambao hawakubatizwa, wana njia ya ardhi. Chini ya sheria ya mwaka 1928, mpangaji wa kibanja (kipande cha ardhi ya mwingine) Buganda alimlipa mwenye ardhi kodi iitwayo busuulu, shilingi 10 kwa mwaka, na kupewa stakabadhi. Malipo hayo yalifutwa mwaka 1975, lakini familia nyingi bado zinatunza karatasi hizo kwa sababu ndizo ushahidi wa haki yao juu ya kibanja. Stakabadhi ya zamani kuliko zote inakuonyesha lini mtu alitulia na kwa nani.

Hali hii ya kupotezana na ndugu si yetu peke yetu. Waairishi waliokimbilia Uingereza wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840 waliandikwa kwenye sensa ya 1851, mara nyingi bila kutaja kijiji, ila "Ireland" tu. Kwao Ireland, sensa nyingi za karne ya 19 ziliharibiwa, nyingine katika moto wa hifadhi ya nyaraka ya Dublin mwaka 1922. Kilichowaokoa wajukuu ni madaftari ya parokia, ambayo Maktaba ya Taifa ya Ireland iliyaweka kwenye intaneti bure mwaka 2015. Majimbo yetu yangefanya jambo kubwa kwa kuanza hata kuyapiga picha tu madaftari yao, kabla mchwa na unyevu havijayamaliza.

Tarehe usizidai kwa wazee, wape matukio. Uliza kama babu alikuwa tayari Buganda Waingereza walipompeleka Kabaka Mutesa wa Pili, mfalme wa Buganda, uhamishoni mwaka 1953, au aliporudi Oktoba 1955. Waliokuwepo wanakumbuka, na watoto wao walisimuliwa.

Mwisho, utakapobisha hodi kwenye nyumba ya watu Rakai au Masaka, elewa hofu yao. Mjukuu anayetokea baada ya miaka 70 hudhaniwa amefuata kibanja, na wengine huogopa maswali ya uraia. Nenda na mzee wa ukoo, taja oruganda na omuziro kabla ya kutaja jina la marehemu, sema wazi kwamba hudai ardhi, na siku ya kwanza usiombe kuona karatasi yoyote.