Kupanda miti kwa burudani: Kundi la Rumonge lizingatie nini kabla ya kutundika kamba?

Rumonge, mji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika ulio kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, unajulikana kwa mawese. Huko, mtu mzima anayeonekana juu ya mti aghalabu yuko kazini: ni mkata chikichi, na anguko moja laweza kumwachia ulemavu au kumwondolea uhai.

Kwingineko watu hupanda miti kwa starehe, wakitumia kamba. Mwaka 1983, Peter Jenkins, mtaalamu wa kupogoa miti mjini Atlanta, Marekani, alianzisha chama cha Tree Climbers International ili kuwafundisha watu wa kawaida mbinu hizo. Matembezi ya aina hiyo yanawezekana pia Rumonge, mradi kundi lianze kwa kuchagua mti, si kwa kuhesabu washiriki.

Kwa nini si mchikichi?

Mchikichi ndio mti ulio karibu zaidi, lakini haufai. Hauna matawi ya kupitishia kamba. Una makuti yenye miiba, na mabaki ya makuti yaliyokatwa huoza na kumponyoka anayeyashika.

Aidha, mchikichi hukua kutoka kichipukizi kimoja tu kilicho kileleni. Kikiharibiwa, mti hufa, na mwenye shamba hupoteza mavuno ya miaka mingi. Vilevile, jeraha la viatu vya misumari kwenye shina lake halizibiki.

Mti unaofaa

Mwembe mkubwa wa uwanjani au shambani, kwa idhini ya mwenyewe, ni chaguo bora zaidi. Kamba itundikwe kwenye tawi bichi lenye unene usiopungua sentimita 15, karibu na shina.

Kabla ya hapo, kiongozi auzunguke mti na kuukagua kuanzia mizizi hadi kilele. Uyoga kwenye shina, nyufa, matundu, matawi makavu na udongo ulioinuka upande mmoja ni dalili za hatari. Mzinga wa nyuki, majimoto au waya wa umeme ulio karibu ni sababu tosha ya kutafuta mti mwingine.

Vipi kuhusu msitu wa Kigwena?

Msitu wa Kigwena, ulio kando ya barabara ya kuelekea Nyanza-Lac, una miti mirefu inayovutia. Hata hivyo, ni hifadhi ya msitu, na haifai kuingia na kamba bila idhini ya mamlaka ya mazingira. Hifadhi ya Vyanda, iliyo milimani juu ya ziwa, ni makazi ya sokwe ambao hujenga viota vyao juu ya miti. Katika misitu hiyo, ni heri mgeni atembee chini na kutazama.

Kamba na vifaa

Kila mpandaji anahitaji kofia ngumu na mkanda wa kupandia unaoshika kiuno na mapaja. Kamba iwe ile iliyotengenezwa kwa kubeba watu, yenye kipenyo cha milimita 11 hadi 13. Kamba za mitumbwi zilizochakazwa na jua na maji hazifai kamwe, hata zikionekana imara.

Kamba nyembamba yenye kizito hutupwa juu ya tawi, kisha hutumika kuivuta kamba kubwa. Mpandaji hujifunga fundo linaloteleza likisukumwa kwa mkono na kukaza linapobeba uzito. Hivyo hupanda hatua kwa hatua, na akichoka hukaa hewani akapumzika. Kamba ivishwe ala panapogusa tawi ili isilichubue gamba.

Siku ya matembezi

Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo bora, kwa kuwa msimu wa mvua huleta radi na magamba yanayoteleza. Kundi liwe dogo, watu wawili au watatu wapande kwa zamu, na wengine wakae mbali na eneo linaloweza kuangukiwa na vitu.

Kabla ya mtu wa kwanza kupanda, watu wawili waning'inie pamoja kwenye kamba wakiwa karibu na ardhi ili kulijaribu tawi. Kila fundo likaguliwe na mtu wa pili.

Asikosekane mtu aliyefunzwa kumshusha mpandaji aliyekwama au kuzirai. Anayening'inia kwenye mkanda bila kujisogeza anaweza kudhurika haraka, kwani damu hutuama miguuni. Kwa hiyo, kundi lisilo na mtu wa aina hiyo liahirishe matembezi hadi limpate, hata kama mti, kamba na washiriki viko tayari.