Nguvu na Ukubwa wa Sauti: Ubongo Huakisi Kipi?

Katika mafunzo ya fonetiki, nguvu ya sauti na ukubwa wake aghalabu huchukuliwa kuwa jambo moja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni mawili. Nguvu ni sifa ya mawimbi ya hewa, nayo hupimwa kwa desibeli. Ukubwa ni hisia ya msikilizaji. Kwa mujibu wa S. S. Stevens, nguvu ikiongezeka kwa desibeli 10, yaani mara kumi, ukubwa unaosikika huongezeka takriban maradufu tu. (Usemi wetu "sauti ya juu", unaotumika kwa kidatu na kwa ukubwa pia, hautusaidii hapa.)

Je, ubongo huakisi kipi? Elektrodi zinazobandikwa kichwani hunasa wimbi hasi la umeme linalofikia kilele takriban milisekunde 100 baada ya sauti kuanza. Mikondo hiyo huzaa pia uga wa sumaku, dhaifu kuliko ule wa dunia kwa zaidi ya mara milioni 100. David Cohen ndiye aliyetangulia kupima uga wa sumaku wa ubongo, mwaka 1968. Vipimo vya sumaku hunasa hasa mikondo inayokwenda sambamba na fuvu, ilhali elektrodi hunasa na ile inayoelekea nje. Ndiyo maana matokeo yake hayalingani daima.

Sauti ikiongezwa nguvu, wimbi hilo hukua na kuwahi. Hata hivyo, katika viwango vya juu ukuaji wake hupungua, pengine hukoma, hali msikilizaji angali anasikia ukubwa ukizidi. Tena, sauti ikirudiwa harakaharaka wimbi hufifia sana, ingawa ukubwa unaosikika haubadiliki kwa kiasi hicho. Kwa hiyo si sahihi kuliita kipimo cha ukubwa.

Jambo hili linawagusa watoto wachanga wasioweza kueleza wanachosikia. Mawimbi ya shina la ubongo, yaliyofafanuliwa na Jewett na Williston mwaka 1971, hutokea ndani ya milisekunde 10, na huwezesha kukadiria sauti hafifu kabisa ambayo mtoto anaisikia. Lakini sikio la ndani likiwa limeharibika, sauti hafifu hupotea, na zilizo juu ya kiwango hicho huongezeka ukubwa upesi mno. Kifaa cha kusaidia kusikia kikirekebishwa kwa kuzingatia kiwango hicho cha chini peke yake, chaweza kumuumiza mtoto, naye asiweze kusema ila kwa kulia.