Je, Wajua Kuwa Meru ni Kivumishi?

Kuna kiwanda kule Meru kinachoitwa Imenti Tea Factory. Ukishuka hadi Embu, upande wa Runyenjes, utakuta kingine, Rukuriri Tea Factory. Nomino tatu zimepangwa foleni bila kiungo chochote. Hakuna of, wala ile s yenye ritifaa ambayo shuleni tulifundishwa kuwa ndiyo alama ya umiliki.

Kati ya nomino hizo tatu, ni ya mwisho tu inayofanya kazi ya nomino. Imenti na tea zimeshika kazi ya kivumishi: zinajibu swali la "kiwanda gani?" Lakini si vivumishi kamili. Huwezi kusema very tea. Tena nomino ikishaingia kwenye kazi hii, kwa kawaida huacha wingi wake mlangoni. Duka lenye viatu mia tano ni shoe shop, na mswaki unaopita kwenye meno yote ni toothbrush. Wanaokaidi wapo, kama sports, ila ni wachache.

Basi ritifaa hutumika lini? Jibu zuri liko katika Meru National Park, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1966. Meru hapo ni jina la mahali, nalo linatambulisha tu ni hifadhi ipi. Ndani yake kuna hoteli iitwayo Elsa's Kopje. Elsa ni yule simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson, akafa mwaka 1961 na kuzikwa humo humo hifadhini. Yeye alikuwa na jina lake, kwa hiyo kilima (kopje) kikawa chake. Hata punda milia wa Meru wamegawanyika hivyo. Yule wa kawaida ni plains zebra, yaani wa nyandani. Mwenzake mwenye milia myembamba na masikio makubwa ni Grevy's zebra, aliyepewa jina mwaka 1882 kwa heshima ya Jules Grévy, Rais wa Ufaransa wakati huo. Mtu au mnyama mwenye jina lake hupewa ritifaa. Mahali, zao na mali ghafi mara nyingi hukaa tupu. Si sheria ya chuma, lakini itakuvusha mitihani mingi.

Utupu huo una gharama yake. Kiingereza hakisemi nomino mbili zinahusiana vipi, msikilizaji ajijazie. Coffee factory, ambayo wakulima wa Meru na Embu huiita tu "fakitori", hupokea kahawa mbivu na kuimenya. Brick factory haipokei matofali, inayatoa. Na Meru oak, mti maarufu kwa mbao za samani, si mwaloni hata kidogo. Jina lake la kisayansi ni Vitex keniensis, na familia yake iko mbali kabisa na ile ya mialoni ya Ulaya.

Hapa ndipo a-unganifu ya Kiswahili inapokishinda Kiingereza, kwa maoni yangu. Tunasema Kiwanda cha Chai cha Imenti. Ile cha ya pili inarudi moja kwa moja kwa kiwanda: ndicho cha Imenti. Badili herufi chache, useme kiwanda cha chai ya Imenti, na sasa chai ndiyo ya Imenti; kiwanda chenyewe chaweza kuwa Mombasa. Imenti Tea Factory haiwezi kutofautisha mambo hayo mawili hata ukiisoma mara kumi. Nasi pia tunajua kuziweka nomino sambamba bila kiungo: Mlima Kenya, Mto Tana, punda milia. Tofauti ni kwamba kwetu kinachotajwa hutangulia, kwa Kiingereza kwa kawaida hukaa mwisho.

Panapobishaniwa hasa ni kwenye wingi. Je, chuo cha walimu ni Teachers' College au Teachers College? Ukiweka ritifaa, umechukua walimu kama wenye chuo. Ukiitoa, umechukua teachers kama kivumishi, chuo cha aina hiyo. Zote mbili zinakubalika, na mtindo wa leo unaelekea kuiacha. Marekani walikwenda mbali zaidi: bodi yao ya majina ya kijiografia, iliyoundwa mwaka 1890, huiondoa ritifaa ya umiliki katika majina ya mahali, na imeruhusu tano tu, mojawapo ikiwa Martha's Vineyard.

Kwa hiyo mwanafunzi wa shule ya Kangaru au ya Kaaga, unapohamisha cha, ya na la kwenda Kiingereza, usikimbilie ritifaa. Jiulize kwanza: huyu ni mwenye mali, au ni jibu la "gani"? Ikiwa ni "gani", andika coffee farm, tea factory, Embu town, kisha uendelee na insha yako.